Nyanya wa Magurudumu

Nitaanza na hasira, kwa sababu ndiyo niliyoibeba kila siku ya soko pamoja na mtoto mgongoni. Nikifika Daraja Mbili, kabla sijateremsha kikapu, mama mmoja nyuma ya mikungu yake ya ndizi alikuwa akiniuliza, "Na nyanya yenu yuko wapi leo?" Nilikuwa najibu: Naivasha. Au Molo. Au Narok kwenye vumbi. Siku nyingine nilijibu kwamba sijui, na huo ndio uliokuwa ukweli. Wanawake wa soko walipiga makofi, wakacheka, kisha wakanitazama kwa huruma kama mtu aliyeolewa kwa wendawazimu.

Nilitaka kitu kimoja tu kwake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikamzaa Kerubo, na chuo kimoja cha ualimu upande wa Bonde la Ufa kilikuwa kimenikubalia nafasi kuanzia mwezi wa kwanza. Huku kwetu Nyamira jambo kama hilo halihitaji mkutano. Mke wa mwana akiwa na shughuli, nyanya hukaa na mtoto. Ndivyo ilivyo kilima hiki na kile cha ng'ambo. Lakini nyanya wa mtoto wangu alikuwa na gari, na ndani ya gari alikuwa na kitanda, jiko na mapazia, na kukaa hakukuwa jambo analolijua.

Sitamtaja jina. Hakuna mwanamke huku anayemwita mama mkwe wake jina, na mimi namwita Mwalimu, maana alinifundisha darasa la tano kabla sijamfahamu mwanawe. Nilipoolewa ulimi ulikataa kugeuka. Hata yeye hakudai. Siku ya kwanza nilipompelekea maji ya kunawa kama mokamwana wa heshima, mke wa mwana anayejua wajibu wake, alilikagua kwanza beseni kwa ndani, akapitisha kidole kwenye ukingo, akasema, "Umeboresha." Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho yangu.

Darasani alitufundisha wasichana kupika, kushona na kutunza nyumba. Alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Alisema nyumba ambayo haijafagiliwa chini ya kitanda haijafagiliwa, na mwanamke asiyeonekana nyumbani kwake jioni amepotea hata kama anajua njia. Tulikariri maneno hayo mpaka yakaingia kwenye mifupa. Yeye mwenyewe alionekana nyumbani kwake kila jioni miaka yote ya kazi yake, mlango ukiwa wazi, taa imepanguswa, kitambaa cha kufuma juu ya kila kiti. Kwa hiyo msiniambie kwamba alikuwa hivyo tangu zamani. Hapana. Alibadilika mbele ya macho yangu.

Gari lilikuwa na historia yake. Mzee, yaani mume wake, baba mkwe wangu, alikuwa fundi wa matrekta katika shamba la mzungu kule Nyansiongo. Uhuru ulipokuja na mashamba yale yakagawiwa watu, mzungu alifunga mizigo akaenda zake, na lori lake la kubebea mikebe ya maziwa likaachwa kwenye nyasi. Mzee aliliomba, akalifufua kidogo, akalifikisha nyumbani likikohoa, na hapo likazimika. Miaka ikapita. Kuku wakalifanya mahali pao pa kutagia. Siku Mwalimu alipostaafu, walimu wenzake walimpa saa ya ukutani na blanketi nzito. Alifika nyumbani, akaipachika saa ukutani, akaketi akaitazama. Halafu akatoka nje akawafukuza kuku.

Sisi tulidhani anatafuta mayai.

Nani angejua? Kesho yake Mzee alikuwa chini ya lori na spana, na Mwalimu alikuwa juu yake na ndoo ya maji ya majivu, anasugua. Walifanya kazi msimu mzima wa mahindi. Mzee alijenga sanduku la mbao nyuma, akalipiga paa la mabati, akatoboa madirisha mawili na mlango mdogo wenye ngazi. Ndani aliweka kitanda kinachokunjwa, rafu zenye ukingo ili vitu visianguke, meza inayoning'inia ukutani kwa bawaba. Mwalimu akapachika kulabu za vikombe, akanunua vitambaa vya mitumba pale Daraja Mbili akashona mapazia yenye marinda. Jiko la mafuta ya taa lilifungwa kwa waya. Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo walichukua bonge la jiwe la sabuni kutoka Tabaka, jiwe jeupe laini ambalo kwalo mchongaji angechonga vinyago vitatu vya viboko, wakalifanya la kuzuia gurudumu. Kila waliposimama, sauti ya kwanza ilikuwa ya Mzee akilitupa lile jiwe chini. Watoto wa kilima waliliita gari Konokono, na jina likashika.

Na nani angeendesha? Mzee alijua kuendesha, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Basi Mwalimu akafunga vibao vya L, vya dereva mwanafunzi, mbele na nyuma ya gari kubwa kama ghala, akajifunza katika uwanja wa shule ileile aliyofundisha. Sijawahi kuona kilima chetu kikichangamka hivyo. Watu waliacha kuchuma chai. Wazee waliketi ukingoni na bakora zao wakisema hili ni gari la wanaume, na kila alipokata kona vizuri walinyamaza, na kila alipozima injini walikohoa. Mbuzi walijifunza haraka kuliko wazee. Alianguka mtihani mara mbili pale Kisii, na mara ya tatu afisa aliyekuwa akimpima, nasikia, aligundua kwamba aliwahi kuchapwa naye darasa la nne. Mwalimu alikana kabisa kwamba hilo lilisaidia. Alisema alipita kwa sababu alipanda mlima bila kurudi nyuma.

Wakaanza.

Mwanzoni walienda karibu, Keroka, Sotik, kana kwamba wanaonja. Kisha wakavuka. Kericho, Londiani, Molo, Njoro, Nakuru, Gilgil, Naivasha. Mwalimu alikuwa na namna yake ya kuipima miji. Hakujali majengo wala barabara ya lami. Aliingia chooni kwanza, halafu hotelini kuonja chai, halafu alihukumu. Molo kulikuwa na choo kizuri na chai ya maji. Gilgil upepo ulimvua kitambaa cha kichwa mara ya kwanza, mara ya pili akapasamehe. Londiani palimpendeza sana kwa sababu mama mwenye hoteli alikuwa anakausha vikombe kwa kitambaa safi, na Mwalimu alimsifia mpaka yule mama akawapa mandazi ya njiani bure. Aliporudi alitusimulia haya akiwa amesimama katikati ya uwanja, mikono ikiruka, macho yakiwaka, na mimi nilikuwa nimesimama na jembe, mtoto analia, hasira inapanda, na miguu yangu, Mungu anisamehe, inataka kwenda Londiani.

Kutoka kila mahali alileta mmea. Pareto ya Molo. Mche wa ua fulani la Naivasha. Aliupanda kando ya nyumba, akaumwagilia maji jioni moja, kesho yake huyoo, Konokono inateremka kilima ikipiga honi. Nani alipalilia? Msiniulize.

Kuna mambo yake mengine ambayo sikuyaelewa na bado siyaelewi. Alilala kando ya mto wenye viboko bila kufunga dirisha, lakini chura akiruka ngazini alipanda juu ya kitanda na kumwita Mzee kwa sauti ya mtoto. Alikuwa mkarimu kwa watu wa njiani, lakini hakuna mtu aliyeingia ndani ya Konokono na viatu. Hakuna. Polisi wa kizuizini alivua buti akaonekana soksi zake zilivyotoboka, na Mwalimu akamshonea papo hapo, polisi akiwa ameketi kwenye ngazi miguu wazi, magari mengine yakisubiri. Alijivunia kwamba hajawahi kuazima chumvi maishani, na hapohapo alikuwa akiazima hadithi za watu na kuzisimulia kama zake. Na alikuwa haambiliki. Mzee alikuwa mpole kama maziwa, na nadhani ndiyo maana walifika popote.

Hadithi ninayoipenda ni ya Nakuru, na Mzee ndiye aliyeisimulia, mbele ya mkewe, kwa hiyo najua si ya kutungwa. Sisi ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa, kazi imekwisha mpaka lizame Jumamosi, na kwa Mwalimu kuendesha gari ni kazi kama kulima. Kwa hiyo kila Ijumaa walitafuta mahali pa kuegesha mapema, wakapika chakula cha kesho, wakaoga, wakangoja. Ijumaa hiyo walikuwa ndani ya mbuga, kando ya ziwa, na ziwa lilikuwa limefunikwa na ndege aina ya heroe mpaka maji yakawa ya waridi. Mwalimu hakutaka kuondoka. Alilitazama jua akasema bado kuna nafasi ya kutosha. Alikuwa analipima kwa macho ya nyumbani, ambako jua likigusa mlima wa Manga mtu bado anaweza kushuka mtoni, akachota maji, akarudi, akakuta kuna mwanga. Lakini kule Nakuru kuna jabali upande wa magharibi. Jua lilifika kwenye jabali likamezwa mara moja.

Na Mwalimu akazima injini.

Mzee alimbembeleza kwamba lango liko karibu, hata kwa miguu linafikika. Mwalimu alisema Sabato haiangalii umbali. Wakati wanabishana, askari wa mbuga akaja na bunduki, kijana mrefu wa Kikamba, akawaambia muda umekwisha na wageni wote watoke.

"Tutatoka kesho jua likizama," Mwalimu akamwambia.

"Mama, hapa kuna chui."

"Chui hawajakatazwa kufanya kazi. Mimi nimekatazwa."

Yule kijana alienda kuuliza wakubwa wake, akarudi na amri kwamba gari liondolewe. Mwalimu akampa funguo, akamwambia yeye si Msabato, aliondoe. Kijana akapanda, akaona zile gia za mzungu zilizofungwa kwa kamba na kipande cha mpira, akashuka polepole. Ikawa sasa yeye ndiye anayelinda Konokono na bunduki mpaka asubuhi. Kesho yake alikula ugali wa wimbi uliopoa na chinsaga, ile mboga yetu chungu, akauliza kama kuna nyingine. Alasiri alikuwa ameketi ngazini bila buti, anaimba besi kwenye nyimbo zetu asizojua maneno yake. Jioni walipotoka, alifungua lango na kupiga saluti. Mzee alipofika hapo alicheka mpaka akafuta macho. Mwalimu alisema tu kwamba kijana alikuwa na sauti nzuri ila anakawia kuingia.

Mimi nilicheka pia. Mbele yao nilicheka. Nikaenda nyumbani nikagonga sufuria.

Kwa sababu mwezi wa kwanza ulikuwa unakaribia, na Kerubo alikuwa bado ananyonya, na mama yangu mzazi alikuwa amefariki, na mume wangu, karani wa kiwanda cha chai, kila nilipomgusia alisema, "Huyo ni mama yangu, nitamwambia nini?" Mwanamume mwenye kalamu mbili mfukoni na hajui la kumwambia mama yake. Mwishowe alifanya kile wanachofanya wanaume wa huku wakiogopa mwanamke. Alipeleka jambo kwa wazee.

Wakaketi uwanjani kwa Mzee, baba mdogo wa mume wangu akiwa msemaji. Alikuwa na maneno mazito. Alisema mtu hawezi kujenga nyumba isiyo na uwanja, isiyo kwenye ardhi ya baba zake, ikalala leo kwa Wakipsigis na kesho kwa Wamasai. Alisema kitu chenye kitanda, moto na pazia ni nyumba, hata ukikifunga magurudumu. Na alisema Mzee akifia humo, nani atajua amefia kwake au amefia barabarani? Wazee wakaitikia. Mwalimu alikuwa amekaa kando na wanawake, anafuma, kama hasikii. Alipopewa nafasi aliweka sindano chini.

"Mnasema ni nyumba."

"Ni nyumba," baba mdogo akasema.

"Nyumba ya nani?"

"Ya kaka yangu, na yako wewe."

"Basi mimi sijatoka nyumbani hata siku moja. Mnanishtaki kwa nini?"

 Kisha mzee mmoja aliye nyuma akaanza kutikisika mabega, na mwingine, na baba mdogo akawakemea. Akasema haya, si nyumba, ni gari. Mwalimu akasema vizuri, kama ni gari, basi mokamwana wake anaweza kupanda kesho aende sokoni pamoja na baba mkwe wake.

Hapo hakuna aliyecheka. Huku kwetu kuna chinsoni, ile haya kati ya mkwe na mkwe. Baba mkwe haingii nyumbani mwangu, nami siingii anapolala, wala hatulali chini ya paa moja, wala sioni kitanda chake. Wakikubali ni gari, naweza kupanda na kukiona kitanda. Wakikubali ni nyumba, mashtaka yamekufa. Wazee walizunguka hapo mpaka chai ikaja, wakanywa, wakaahirisha. Walikuwa wameshindwa na mwalimu wa upishi na ushonaji.

Na mimi, niliyeletewa mkutano huo wote, nilibaki vilevile.

Nikaamua kumkabili mwenyewe. Nilimkuta anapaka grisi kwenye bawaba za mlango wa Konokono. Sikumzungusha. Nilimwambia kuhusu chuo, kuhusu mtoto, kuhusu miaka miwili ya masomo. Nilisema yeye ndiye aliyenifundisha kusoma maandishi ya mapishi, sasa anifungie mlango? Alisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono.

"Sitakaa," akasema. "Nililea wangu, nikalea wa watu. Uliza kitu kingine."

"Wewe ni nyanya wa namna gani?"

Nilisema hivyo. Kwa mama mkwe. Kuku wenyewe walisimama. Yeye alilitazama gari, akanitazama mimi.

"Wa magurudumu," akasema.

Kesho yake walienda Mara. Nilisikia honi ikiteremka mpaka chini kabisa mtoni, na nilibaki kwenye mlango wa jikoni nikiapa kwamba akirudi sitampelekea maji. Nilimfunga Kerubo mgongoni nikalima kipande kizima cha shamba siku hiyo, ardhi iliyokuwa ngumu kama mfupa. Nilipanga kumwachia mtu mwingine nafasi yangu. Niliwaza kwamba hata nikifundisha siku moja, nitafundisha nini? Kwamba kariri haya, fagia chini ya kitanda, halafu hakuna atakayekushikia mtoto?

Walirudi siku chache kabla ya chuo kufunguliwa, Konokono nyekundu kwa vumbi mpaka madirishani. Sikutoka kuwalaki. Alikuja mwenyewe mpaka jikoni kwangu, akaketi kwenye kigoda bila kukaribishwa, akamchukua Kerubo akamkagua masikio.

"Nilikwambia uliza kitu kingine," akasema. "Hukuuliza."

"Niulize nini tena, Mwalimu?"

"Mimi nikiwa mahali pako ningeuliza kama hilo gari haliwezi kuegeshwa karibu na chuo."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nakumbuka nilishika mwiko kwa sababu ugali uliungua na hakuna aliyejali. Alisema amekwisha pita kule walipokuwa wanarudi kutoka Mara. Kuna kiwanja cha kanisa ng'ambo ya barabara, amezungumza na mchungaji. Amezungumza na mkuu wa chuo pia, mwanamke mwenye miwani, na wamekubaliana kwamba masomo ya mchana yakiisha nitatoka kumnyonyesha mtoto kabla ya chakula cha jioni. Alikuwa amepima choo cha kanisa. Kilikuwa safi. Aliyapanga yote hayo bila kuniuliza, na nilitaka kumkumbatia na kumpiga kwa ule mwiko, yote mawili, na sikufanya hata moja kwa sababu ni mama mkwe wangu.

Basi tulihamia huko sote. Mimi na sanduku langu tulipanda basi, kwa sababu hakuna mzee aliyekuwa ameamua kama Konokono ni gari. Nilipofika, niliona yale mapazia yenye marinda kutoka mbali, na lile jiwe jeupe la Tabaka chini ya gurudumu, na Kerubo kwenye ngazi anakula ndizi. Nilikimbia na sanduku.

Kila siku masomo yalipoisha nilivuka barabara. Na kila siku, Mzee akiniona tu langoni, alishuka na kigoda chake na gazeti, akaenda kuketi chini ya miti ya mchungaji, mgongo ametugeuzia. Mvua ikinyesha alihamia mbele kwenye kiti cha dereva, kwa hoja kwamba sehemu ya dereva ina paa lake. Sijui wazee wa kwetu wangesemaje. Mwalimu alikifunika kitanda kwa shuka kubwa mpaka kikawa kama meza, nami nikaketi kwenye ngazi, mlango wazi, nikamnyonyesha mwanangu miguu ikiwa nje. Tulikuwa nusu ndani nusu nje, na heshima ilitosha.

Lakini Mwalimu! Mtu ambaye hakuwahi kulala mahali pamoja zaidi ya siku mbili, tatu. Wiki za kwanza alikuwa mchangamfu. Aliujua mji wote, aliukosoa wote. Kisha akawapanga wanawake wa kanisa na vitambaa vyao vya kufuma. Kisha hakukuwa na kitu tena cha kukosoa. Wenzangu wa bweni waliniambia kwa kicheko kwamba kila asubuhi yule bibi anaketi kwenye usukani, mtoto mapajani, anawasha injini, anaingurumisha hapohapo, anazima, anashuka kwenda kupika uji. Nilienda nikachungulia asubuhi moja. Ni kweli. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha safari, mikono yote miwili kwenye usukani, anatazama mbele kwenye ukuta wa kanisa. Kerubo alikuwa anatoa mlio wa gari kwa midomo. Sikucheka. Nilirudi darasani na siku hiyo nilisoma kama mtu anayefukuzwa.

Ndivyo muhula ulivyofika ukingoni, na Kerubo akaacha kunyonya mwenyewe, kwa dharau, kama mtu aliyechoka na hoteli. Hapo ndipo tulipofanya mkutano ninaotaka kumalizia nao.

Ilikuwa asubuhi, mapumziko ya kwanza. Nilivuka barabara kwa sababu nilikuwa nimeona moshi wa injini, na injini haikuzimwa. Mzee alikuwa amekwisha kulibeba lile jiwe, anajifanya hanioni. Mwalimu alikuwa anafunga vikombe kwenye kulabu.

"Nyasi zimekufa chini ya hili gari," akaniambia. "Mtoto ameacha kunyonya. Sasa unataka nini?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema nataka ampeleke Kerubo nyumbani, akae naye kilimani mpaka nimalize, kama nyanya wengine. Nilimwomba vizuri. Nilipiga hata magoti.

"Nyumbani hapana. Tunaenda Kakamega, kule msituni. Kuna mbega, kima wale weusi na weupe, na barabara ni nzuri mpaka Kisumu. Mtoto atakuja nasi. Au mchukue wewe, mrudi wote wawili."

Hasira iliyonipanda hapo ilikuwa ya miezi yote. Nilimwambia kwamba hajali, kwamba mwanangu si mche wa pareto wa kupandwa anapotaka na kuachiwa wengine wapalilie. Nilimwambia kuna malaria, kuna nyoka, kuna Mzee asiyeona, kuna breki. Nilisema mambo mengi. Wenye duka ng'ambo walisimama wakitutazama. Nilipoishiwa pumzi, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nikikaa pale kilimani nitakufa, mama. Si mchezo. Niliketi mbele ya ile saa nikajiona."

Alikuwa hajawahi kuniita mama.

Kengele ya chuo ilikuwa karibu kulia. Nilikuwa na mambo mawili ya kuchagua na yote yalikuwa na magurudumu: basi la kunirudisha kilimani na mtoto, au Konokono. Niliingia ndani ya Konokono. Kwa mara ya kwanza niliingia kabisa, na viatu nilivua. Nilikagua jiko kama limefungwa. Nilikagua dawa. Nilivuta dirisha nikaona linafungika. Nilipitisha kidole juu ya rafu. Nilimwambia maji ayachemshe mpaka yatokote, si yapate moto. Asimwache achezee mlango gari likitembea. Amvike sweta kila wakipanda mahali pa juu. Amlaze kabla hajachoka, maana akichoka hulia. Mwalimu alisimama chini kwenye nyasi zilizokufa, mikono nyuma, akaitikia kila jambo kwa kichwa. Nilipomaliza nilimbusu mtoto wangu kichwani, nikashuka, nikavaa viatu.

Hawakuniaga kwa maneno. Gari lilipita lango la kanisa, likakata kona kushoto kuelekea barabara kubwa, nami nikakimbia kando yake mpaka kwenye nguzo ya simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Kilio cha Kerubo nakijua, kinavuka mabonde. Nilikuwa tayari kusema simama.

Hakulia. Alikuwa amepiga magoti kwenye kiti kati yao wawili, ameshika dashibodi kwa mikono miwili, anatazama mbele, na hakugeuka hata mara moja.

Nilisimama pale nimeishika nguzo, sijui kwa ghadhabu au kwa nini, mpaka kengele ikalia, na ilikuwa somo la hesabu, na nilikuwa sijaandaa kitu. Nikavuka barabara mbio.